Wimbo Wetu na Mwaka Mmoja Uliozidi

Jumatatu, 9 Septemba

Na tena jana sikumaliza, wino uliniishia katikati ya neno dhuluma. Naendelea pale pale. Dhuluma! Wameukataa wimbo wetu! Wimbo tuliocheza siku ya harusi, mimi na mume wangu (naandika "mume wangu" polepole, ili nilifaidi neno lenyewe), siku thelathini na moja zilizopita. Kidevu chake kwenye shela langu. Macho ameyafumba. Midomo yake ikitikisika, akiniimbia kimya kimya maneno yote ya "Shika Kidole Changu". Mwanamke gani amewahi kupendwa hivyo? Hayupo. Nimetafuta.

Sababu ya kuukataa: Bendi ya Miaka ya Sabini hupiga nyimbo za miaka ya sabini tu. Mume wangu ndiye mpiga gitaa la besi. Mchana ni fundi friji, na hakuna mwanamume anayeshika bisibisi kwa upole kama yeye. Kila mke au mume wa mwanabendi ana haki ya kupendekeza wimbo mmoja kwa msimu, na kuutambulisha mwenyewe jukwaani. Ila lazima alete santuri yenyewe mezani. Mpiga dramu, Bwana Karani, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, huweka kioo cha kukuzia juu ya karatasi ya katikati ya santuri, husoma mwaka, huandika daftarini. Kisha kura hupigwa kwa vifungo vya nguo, cheupe ndiyo, cheusi hapana, ndani ya kopo la biskuti. Vifungo ni vya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwimbaji wa bendi. Yote hufanyika kwenye karakana yake ya ushonaji, mezani pale anapokatia vitambaa.

Wimbo wetu haukufika hata kwenye kopo. Karani aliinua kioo, akatangaza: elfu moja mia tisa themanini. Mwaka mmoja! Nikamwambia hakuna wimbo unaotungwa na kutolewa siku hiyo hiyo, kwa hiyo mimba yake ilitungwa sabini na tisa. Akanijibu kwamba katika miaka thelathini hakuna mtoto aliyemwandikisha kwa tarehe ya mimba. Wifi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Onyesho ni Jumamosi ya tarehe 21, ukumbi wa shule. Nyimbo kumi na tano. Nafasi iliyobaki ni moja. Daftari linafungwa Alhamisi.

Wimbo wetu utapigwa. Naapa kwa pete hii.

Jumanne, 10 Septemba

Mbinu ya kwanza: kuigawa bendi. Nimempelekea mpiga tarumbeta keki. Wanamwita Mashavu, na ukimwona akipuliza huulizi kwa nini. Nikamweleza kuhusu shela, kidevu, midomo. Akala kipande cha kwanza akisema naam. Akala cha pili akisema hakika. Alipomaliza keki yote akafuta vidole na kusema shemeji, mimi namwogopa Karani kuliko daktari wa meno. Kisha akauliza kama keki niliioka mwenyewe, na kama moshi ulikuwa mwingi.

Kwa hiyo wifi amesema! Amewatangazia! Lile jambo la siku ya tatu ya ndoa, jiko lilipotoa moshi kidogo. Kidogo! Majirani waliokuja na ndoo walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa anapita njia.

Nilimlalamikia mume wangu. Akasema dada yake ni mtu wa utani, nisiyatie moyoni maneno yake. Akanishika mkono. Nikasahau nilichokuwa nalalamikia kwa muda wa dakika nne, kisha nikakumbuka.

Jumatano, 11 Septemba

Ushindi! Naandika huku vidole vikinata gundi.

Chini ya kitanda chetu kuna sanduku la santuri za marehemu baba mkwe. Leo mume wangu alipokwenda kazini nimelifungua. Santuri ya kwanza kabisa: karatasi ya kijani yenye picha ya kasuku, kampuni ile ile iliyotoa wimbo wetu. Na mwaka? 1974! Katikati ya sabini kabisa, hata Karani apumue juu yake.

Maji ya uvuguvugu. Kitambaa chenye unyevu. Subira. Karatasi ilibanduka yote bila kuchanika hata ukingo. Nikaibandika juu ya karatasi ya "Shika Kidole Changu", nikaikandamiza kwa pasi baridi na kamusi. Nimeusoma ule mwaka mara kumi. Elfu moja mia tisa sabini na nne. Kama shairi!

Santuri iliyobaki uchi nimeirudisha sandukuni, chini kabisa. Nani atafungua?

Mume wangu alipofika akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni mapenzi. Sikudanganya.

Alhamisi, 12 Septemba

Sina maneno. Ninayo, lakini hayaandikiki.

Nilifika karakana mapema, nimevaa vizuri. Nikasema nimepata toleo la zamani zaidi la wimbo wetu. Karani akaweka kioo. Akasoma kwa sauti ya ofisini: mwaka 1974. Kasuku wa kijani. Nikafumba macho kwa furaha. Akaendelea: "Mke Mpya, Moshi Tele."

Nikafumbua macho.

Mwaka niliusoma mara kumi. Jina sikulisoma hata mara moja! Na nilisome kwa nini? Nani anasoma jina la wimbo anaoujua kwa moyo wote?

Mashavu alipiga meza mpaka chaki zikaruka. Alisema wimbo huo ulivunja mbavu za nchi nzima alipokuwa shuleni. Unahusu bibi harusi asiyejua kuwasha jiko. Majirani wanakuja na ndoo kwenye kiitikio! Wifi akanikumbatia. Akasema wifi yangu, kumbe nawe una utani, nilidhani unanuna tu. Akasema huo ndio wimbo baba yao alioupenda kuliko zote.

Ningesema nini? Kwamba nimebandua na kubandika? Mbele ya aliyekuwa ofisa wa vyeti?

Vifungo vyote vyeupe. Hata cha mume wangu! Usaliti, wenye mashimo manne. Karani akaandika daftarini: wimbo wa kumi na tano, chaguo la bibi harusi. Akagonga muhuri. Akasema kilichoandikishwa hakifutwi.

Ijumaa, 13 Septemba

Sizungumzi na wifi. Nilikusudia alitambue hilo, lakini alikuja na futi ya kupimia, akanipima mabega na kiuno huku akisimulia habari za wateja wake, na nadhani hakugundua kwamba nimemnunia. Ananishonea gauni la kusimama nalo jukwaani. Nikauliza rangi gani. Akasema ya moshi.

Ya moshi!

Jumatano, 18 Septemba

Siku ya fedheha. Naiandika yote, ili siku moja watoto wetu wajue mama yao alivyoonewa.

Mashavu alitaka kuisikia santuri ili ayakumbuke mapigo ya tarumbeta. Nililitegemea hilo. Nilitangulia karakana, nikajitolea kufuta vumbi kwenye gramafoni, nikaichomoa sindano na kuitia mkobani. Bila sindano hakuna sauti. Bila sauti hakuna kesi.

Ila nilisahau mambo mawili: kwamba tuko kwa fundi cherehani, na kwamba nimeolewa na fundi. Mume wangu aliinama, akaangalia, akamwomba dada yake sindano ya kushonea, akaikata, akaipachika. Dakika mbili! Mikono ile! Nilijivuna na kuogopa kwa pamoja.

Santuri ikazunguka. Ikaimba "Shika Kidole Changu".

Karani akaisimamisha, akaichukua, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa karatasi. Kasuku mmoja akainuka. Chini yake kasuku mwingine. Akasema katika maisha yake ya kazi amewaona watu waliopunguza umri ili wapate kazi, na walioongeza ili waoe, lakini huyu ni wa kwanza kuvalishwa cheti cha mtu mwingine.

Wifi akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, santuri ya baba sasa iko wapi. Nikasema sandukuni. Nzima, ila uchi. Kisha mdomo ukaanza kumcheza, akacheka, akacheka mpaka akakalia mto wa pini, akaruka, akacheka tena. Akasema baba angempenda sana huyu.

Hayo nayavumilia. Lisilovumilika ni hili. Katikati ya kicheko mume wangu, jua langu, alinigeukia na kuuliza wimbo uliopigwa sasa hivi unaitwaje, maana ni mzuri.

Unaitwaje!

Nilitoka nje. Alinifuata, tukasimama kwenye kibaraza cha duka la vioo lililo jirani, nikajiona nalia mara sita. Nikamkumbusha shela. Kidevu. Midomo iliyokuwa ikiniimbia. Akaangalia viatu vyake. Akakiri kwamba hajui kucheza hata kidogo, kwamba dada yake alimfundisha hatua kwa wiki tatu pale pale karakana, na kwamba siku ile hakuusikia muziki wowote. Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, geuka. Moja, mbili, tatu, geuka. Aliogopa asinikanyage.

Nilighadhibika kabisa. Hata sasa bado. Wiki tatu! Alijificha wiki tatu kujifunza kunizungusha! Nimechanganyikiwa sijui nimkasirikie wapi.

Daftari halifutwi. Jumamosi nitasimama mbele ya ukumbi mzima na kuwatangazia moshi wangu.

Jumamosi, 21 Septemba

Viti vyote vimejaa, na wengine wamesimama ukutani. Gauni la moshi, lazima nikubali, limenikaa vizuri mno, na hilo nalo linaudhi.

Wimbo wangu ulipangwa kufunga kipindi cha kwanza, nami nilipanda jukwaani nikiwa na mpango wa mwisho. Ningetangaza "Shika Kidole Changu" kwa sauti kubwa, watu washangilie, bendi ibaki bila la kufanya. Nikakamata kipaza sauti. Nikafungua mdomo. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, shemeji, tulete ndoo? Ukumbi wote ukaangua kicheko, na Karani, bila kunisubiri, akagonga dramu. Wifi akaingia. Kiitikio cha kwanza watu walisimama. Cha pili walinipungia leso. Waliurudisha mara tatu! Hakuna wimbo mwingine uliorudishwa. Mashavu alitoka jasho mpaka kwenye kola. Walinipigia makofi mimi, niliyedhulumiwa, kana kwamba nimeutunga.

Kisha kitu kikatokea. Wakati wa kukaza nyuzi, kabla ya kipindi cha pili, wenzake wakinywa maji, mume wangu alibaki peke yake na gitaa. Akaukaza uzi mmoja. Akaukaza wa pili. Halafu vidole vyake vikaanza kutembea polepole, na mimi niliyekuwa nyuma ya spika nikaijua ile sauti kabla haijamaliza hatua nne. Wimbo wetu. Kumbe siku tatu hizi amekuwa akijifunza kazini, kati ya friji na friji. Alinitazama. Midomo ilikuwa imetulia. Hakuhesabu.

Dakika nzima. Nilicheza peke yangu nyuma ya spika, nikamkanyaga mtu wa taa.

Mwalimu mmoja wa safu ya mbele akamuuliza Karani huo ni wa mwaka gani. Karani akaangalia saa yake, akajibu kwamba hajasikia wimbo wowote, kijana anakaza nyuzi, na kukaza nyuzi hakuandikwi daftarini. Wifi alikuwa anafuta jicho. Akasema ni poda.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimetafakari siku nzima. Jana niliirudishia santuri ya baba mkwe kasuku wake kwa gundi mpya, wifi akishika upande mmoja na mimi mwingine, na akanifundisha kuwasha jiko lao lile la zamani bila kuita majirani. Siyo mtu mbaya sana. Nimejifunza mengi.

Nimejifunza, kwa mfano, kwamba gundi ya kwanza ilikuwa nyepesi mno, na kwamba jina lazima lisomwe.

Maana leo mume wangu amenikumbusha wimbo uliokuwa ukipigwa redioni siku aliyoniposa, kwenye karakana yake ya friji, mimi nimekalia friji lililolala. Huo ameusikia! Neno kwa neno! Nikakimbilia sandukuni, na kumbe upo, kasuku wa kijani, msafi, mzuri. Unafaa kabisa msimu ujao. Una kasoro moja tu, ndogo, ya kijinga, ambayo mtu mwenye moyo asingeitazama.

Ni wa mwaka 1969.

Mwaka mmoja! Tena! Upande wa pili! Hii siyo bahati mbaya, hii ni njama, na aliyenyamaza mbele ya njama ni mshiriki wake.

Mkewe Karani aliniambia pale ukumbini kwamba kile kioo hukaa kwenye droo ya kabati la sebuleni, na kwamba mumewe hulala kila siku baada ya chakula cha mchana. Nimewatumia salamu zangu za heshima. Nimewaahidi kwamba kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda kuwatembelea nyumbani kwao, mimi, keki yangu, na mkoba mkubwa kidogo.