Betri Sita Kwenda Mwanza

Jumatatu, 10 Agosti 2009

Kazi nimeipata! Mzee Naftali, yule mwenye duka la spea, amenichagua mimi kupiga video ya harusi ya binti yake Princess, Jumamosi, Mwanza. Si Rodrick, mshindani wangu. Mimi! Na tunakwenda kwa ndege. Mzee anasema siku hizi biashara zimefunguka, hakuna sababu ya mtu wa Arusha kukunja magoti kwenye basi mchana kutwa. Nimekubali kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea mambo hayo. Sijawahi kupanda ndege.

Kubwa kuliko yote: Mama Kandida yumo kwenye msafara. Ni dada yake Mzee, shangazi wa bibi harusi, na ni mama mzazi wa Kandida wangu. Huyu ndiye aliyesema hamtoi binti yake kwa mwanamume ambaye kazi yake ni kumulika watu wakila. Kandida ananiambia nisikate tamaa, mama anataka tu kuona mtu makini. Basi ataniona! Kwenda na kurudi. Nimekaa kitandani nikicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Jumanne, 11 Agosti

Suala la betri. Nasikia Mwanza umeme unakatika ovyo kama huku kwetu, kwa hiyo nakwenda na betri zote sita za akiba. Za lithiamu, kubwa, nzito kama matofali. Nilizinunua mitumba kutoka kwa mtu aliyetoka Dubai. Vifuniko vilishapotea, lakini moto wake si mchezo.

Nimepiga simu kwenye ofisi ya ndege. Dada mmoja mpole akanieleza kwamba betri za akiba haziwekwi kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Zinabebwa mkononi. Kubwa kama zangu ni mbili tu kwa abiria mmoja, na vile vyuma vyake vizibwe visigusane na kitu. Nikamshukuru, nikakata simu. Nitaachaje nne?

Halafu nikakumbuka. Tunaopanda ndege ni watatu: Mzee Naftali, Mama Kandida na mimi. Wengine wametangulia. Mbili mara tatu! Mungu ana hesabu zake.

Jioni akaja Rodrick, mpiga video mwenzangu hapa Kaloleni, aliyeitaka kazi hii mpaka akaenda kumsalimia Mzee siku ambayo hakuna msiba wala sherehe. Akanipongeza huku amebana meno. Akaniachia selotepu nzima, mpya, akisema niibandike kwenye vyuma vya betri kabla ya safari, maana yeye alishasafiri nazo hadi Dar na anajua. Wivu mtupu. Selotepu nimeichukua.

Jumatano, 12 Agosti

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Uwanja wa ndege umejaa watu wenye uwezo, na watu wenye uwezo wanaoa. Nimechapisha vikaratasi: ELINAMI VIDEO. HARUSI, SEND-OFF, KIPAIMARA, MISIBA. Chini namba ya simu. Nimevibandika kwenye betri zote, upande ule mpana, kwa selotepu ya Rodrick, tabaka juu ya tabaka hata mvua haiingii. Safi! Selotepu imeishia kwenye betri ya sita.

Vyuma vimebaki wazi. Lakini vyuma havina pa kuandika.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimekwenda kijijini Kikwe kumuaga mama. Ameniombea muda mrefu, akamtaja rubani mara tatu. Akanipa mkungu wa ndizi nipande nao. Nikamweleza kwamba ndege si basi. Akauliza kama huko juu hawali. Mkungu umebaki kwa jirani yangu. Nina furaha ya ajabu, hata viatu vimekubali kung'aa.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandikia Mwanza. Nianzie wapi?

Nianzie KIA, uwanja wetu wa ndege, asubuhi. Niliwaambia wazee kwamba katika msafara wa heshima kila mtu mkubwa hubeba sehemu ya kamera. Mzee Naftali alipenda sana. Akatia moja mfuko huu wa koti, nyingine mfuko ule, akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Mama Kandida nilimpa shikamoo ya kuinama kabisa. Akaitika marahaba bila kutabasamu, akauliza kama kitu hiki hakitamwagikia Biblia yake. Nikamwapia.

Kwenye ukaguzi mambo yalikwenda vizuri. Askari alihesabu mbili mbili, akauliza kama zimezibwa. Nikamwonyesha upande wa tangazo. Akaona selotepu imejaa, akaturuhusu. Mama alikuwa amefungua pindo la kanga na kutoa sarafu na funguo zipite kwenye mashine. Mara tukaitwa kupanda. Haraka haraka! Mkoba wake ulishajaa Biblia, sweta na maandazi. Betri moja ikaingia kwa nguvu. Ya pili akaifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na sarafu na funguo, akakaza fundo na kulichomeka kiunoni. Nilimwona. Nilifurahi, naandika ukweli. Mwanamke wa rika lake hafungi kwenye pindo kitu asichokithamini. Nikasema moyoni, tayari, nimepokelewa.

Tukapanga mstari mlangoni. Mama akamwambia Mzee kwamba leo jua ni kali. Mzee akamjibu kwamba wako ndani. Mama akasema basi ni presha. Akajigusa kiunoni. Halafu akapiga yowe kwamba anaungua, akaruka, akazunguka, akaivua kanga na kuirusha katikati ya abiria. Kanga inatoa moshi! Mzee akamwaga soda yake, ikaishia kwenye viatu vyangu. Askari akaja mbio na ndoo ya mchanga, akaizika kanga nzima.

Zile sarafu na funguo ndizo zilizounganisha vyuma vya betri. Mama mwenyewe alisalimika, gauni lake ni zito na ndani ana gagulo. Kanga ina tundu la ukubwa wa kisosi.

Askari akauliza betri ni ya nani. Nikaangalia dari. Akaifukua, akasoma kwa sauti: Elinami Video, harusi, send-off, kipaimara, misiba. Akasoma na namba ya simu. Watu wote wakageuka. Ndivyo tangazo lilivyowafikia wenye uwezo.

Hiyo iliyoungua waliichukua. Zile tano askari alizibandika vyuma kwa utepe wake mwenyewe huku akinisema. Aliniuliza ningefanyaje kama ingewaka tukiwa angani. Hapo niliacha utani, nikamshikia utepe aukate. Ndege ilichelewa kwa ajili yangu.

Nikapangwa kiti cha pembeni mwa Mama Kandida. Tulipopita karibu na Meru aliinama kuutazama mlima dirishani, akasema neno moja tu: kanga ile alimbebea Kandida siku ya ubatizo. Niliumia kweli. Ningeweza kushuka, ningeshuka.

Tulipotua nikakuta ujumbe wa Kandida. Anauliza kama ni kweli nimemchoma mama yake. Kaloleni wameshajua! Kuna abiria aliyepiga simu kabla hatujapaa, na Rodrick bila shaka anatembea mlango kwa mlango.

Jumamosi, 15 Agosti

Princess amependeza kupita kiasi. Kanisani nimepiga vizuri, na kichwa cha padri sijakikata.

Ukumbini, ndafu ndiyo kwanza anaingia, yule mbuzi mzima amesimama kwenye meza na majani mdomoni, umeme ukakatika. Giza! Muziki kimya. Nikachomeka betri, nikawasha taa ya kamera. Ukumbi mzima ukashangilia, na mbuzi akaonekana kama bwana harusi wa pili. Betri zangu! Nilitamani kulia.

Lakini muziki haukurudi, watu wakaanza kuangalia saa. Ndipo akasimama Mama Kandida. Amejitanda ile kanga yenye tundu! Akaingia kwenye mwanga wangu, akaanza kuhadithia habari za uwanja wa ndege. Alionyesha alivyoruka. Alionyesha Mzee Naftali alivyokosea shabaha na soda. Alionyesha nilivyoangalia dari. Watu walicheka mpaka bibi harusi akashikwa na kwikwi. Mimi nilishikilia kamera tu, sikuzima. Katikati akanigeukia kuuliza kama tundu linaonekana vizuri. Nikajibu linaonekana, Mama. Akaniamuru nisogee karibu.

Baadaye akaniita pembeni. Anataka nakala ya kwanza, kabla hata ya Princess. Akasema kijana anayeweza kusimama mbele ya watu wote hao na kupiga video ya aibu yake mwenyewe ana uvumilivu, na ndoa inataka huo. Jumamosi ijayo niende kwake na wazee wangu! Sharti ni moja: chochote changu kitakachoingia nyumbani kwake kiwe kimezibwa vyuma. Nimekubali yote. Ningekubali hata kuzibwa mimi.

Jumapili, 16 Agosti

Nimerudi chumbani kwangu Kaloleni. Mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Asubuhi sokoni nilimnunulia Mama doti ya kanga mpya, nyekundu. Nikawaza. Mkononi betri zimeleta balaa, pindoni zimeleta balaa. Basi nikazifunga vizuri ndani ya kanga mpya na kuzificha kwenye begi kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege. Huko hakuna mwenye sarafu. Tena Mama angepata zawadi ya kushtukiza.

Nikatangazwa kwenye spika kwa jina, mara mbili. Nikafunguliwa begi mbele ya Mzee na Mama. Kanga ikakunjuliwa, betri zikatoka moja moja. Mama akatoa selotepu kwenye mkoba wake, kumbe ameshainunua ya kwake, akakagua vyuma vyote, akaongezea palipobanduka. Mbili akampa Mzee, mbili mimi, moja akaitia kwenye mkoba. Kanga akajitanda hapo hapo. Imempendeza sana.

Nilipofika mtaani Rodrick alikuwa kibarazani, akauliza kama sasa nimejua kazi ya selotepu. Nilimjibu kwa utulivu. Nimelifikiria jambo hili tangu Mwanza hadi KIA, na nimeona lilipokuwa kosa. Betri haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa zile sarafu.

Kwa hiyo nimewapigia simu wazee wa Kikwe. Posa lazima ipigwe video. Nimewaambia Jumamosi waje na noti tupu, asiwepo hata mmoja mwenye chenji mfukoni. Betri nitawagawia tukifika getini.