Hotuba ya Kuzindua Mashine ya Kukamata Wanaonakili

Mheshimiwa Mama Rekta wa Chuo Kikuu chetu. Waheshimiwa Wakuu wa Vitivo na Manaibu wao. Waheshimiwa ambao hamjateuliwa bado lakini mnatarajia. Washirika wetu wa kiufundi na kifedha, hasa wa kifedha. Mapadri, wachungaji na mashehe. Mama yangu mzazi, Mama Danielle, aliyetoka Kinindo asubuhi hii na kuketishwa hapa mbele kwenye kiti chenye mto. Ndugu waandishi wa habari. Na ninyi wanafunzi, ambao kwa ajili yenu Serikali hailali: naomba niseme itifaki imezingatiwa, ingawa nitaendelea kuizingatia kidogo, kwa kuwa sijajitaja mimi mwenyewe.

Mimi ni Daktari Mwalimu Astère, Mkurugenzi Mkuu wa Ofisi ya Uhalisi wa Maandishi ya Wanafunzi, yaani OUMAWA, na mwandishi wa Mwongozo wa Kuheshimu Maneno ya Wengine, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa Bujumbura anapaswa kuwa nacho, na ambacho kwa bahati nzuri kinauzwa pale mlangoni. (Makofi, mstari wa kwanza.) Nitazungumza Kiswahili sanifu, lugha ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, siyo kile cha sokoni, ili mgeni wetu wa kutoka Arusha asipotee njiani. (Hakuna mgeni wa kutoka Arusha.)

Kabla sijaingia katika utangulizi wa utangulizi wangu, tujifunze kaulimbiu. Nikisema "Kila neno!", ninyi mtajibu "Na mwenyewe!" Maana yake ni kwamba neno halizururi ovyo kama kuku wa Nyakabiga, lina mtu aliyelisema, na mtu huyo anastahili kutajwa. Kila neno! (Wachache: "Na mwenyewe!") Sijasikia. Kila neno! (Wote: "Na mwenyewe!") Ahsanteni. Kaulimbiu hii nimeibuni mwenyewe baada ya kuisikia mahali.

Ndugu zangu, kunakili bila kutaja ni wizi. Sisemi ni kuazima, sisemi ni kusahau, nasema ni wizi. Mwizi wa mbuzi humwachia mwenye mbuzi angalau kamba, lakini mwizi wa maneno huondoka na mbuzi, na kamba, kisha humgeukia mwenye mbuzi akamuuliza anatafuta nini kwenye boma la watu. Mtaalamu mmoja mashuhuri, ambaye jina lake lina herufi nyingi, alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu fulani cha jalada la bluu, kwenye ukurasa wa upande wa kushoto. Ndiyo maana Mwongozo wangu unafundisha, tena kwa lugha nyepesi, kwamba ukichukua sentensi ya mtu uiweke ndani ya alama za kunukuu, kisha utaje jina lake, mwaka na ukurasa. Kwamba ukichukua wazo lake ukalisema kwa maneno yako bado umtaje, kwa sababu kubadili "kubwa" kuwa "pana" hakukufanyi uwe baba wa wazo. Na kwamba mwishoni uorodheshe marejeo yote, ili msomaji aweze kwenda kuhakikisha kwa macho yake. Ni maneno mazuri sana. Nilipoyasoma kwa mara ya kwanza yalinishangaza hata mimi. (Kicheko, viti vya nyuma.)

Sasa nije kwenye mashine. Mnaiona hapa mezani, imefunikwa kitambaa cha kijani. Huu ni mradi wa kimkakati, shirikishi, jumuishi na endelevu, wenye ramani yake ya njia, wenye ufuatiliaji na ufuatiliaji wa ufuatiliaji. Mashine hii imevuka ziwa kutoka Kigoma, imepokelewa Bandari ya Bujumbura, na mbele yake hakuna mwanafunzi atakayeficha hata nukta ya mwenzake. Kwa takwimu zilizotolewa na takwimu zetu, asilimia tisini na nne ya wanafunzi hunakili, asilimia ishirini na mbili hawanakili, na waliobaki hawajaulizwa. Tangu mashine iingie humu ukumbini wizi umeshuka kabisa. Tangu asubuhi hii hakuna mtu aliyenakili chochote. Mnaona pia kwamba umeme umekatika na kipaza sauti kimezimika, lakini mashine haijatetereka. Inafanya kazi vilevile kama ilivyokuwa inafanya umeme ulipokuwepo. (Makofi. Mwanamume aliyesimama mlangoni na mkokoteni anaonyesha saa yake.) Bwana wa mkokoteni, tafadhali keti, mambo ya kitaifa hayaendi kwa saa ya mkononi.

Mnataka matokeo? Matokeo yapo. Wa kwanza kunaswa ni binti Benite, wa Idara ya Kiswahili, yule pale mstari wa tatu mwenye kitenge cha manjano. Simama, binti, usione haya, wewe ni sehemu ya programu. (Benite anasimama.) Huyu mimi ndiye niliyemsimamia memwari yake, yaani tasnifu ya kumalizia masomo. Mwaka jana aliniletea rasimu nzima nimsahihishie, nikakaa nayo kwa upendo wa mzazi. Siku alipokuja kuitetea mbele ya jopo, ikaonekana kwamba memwari yake inafanana na Mwongozo wangu, uliokuwa umekwisha kuchapishwa, neno kwa neno, koma kwa koma, na hata pale palipokosewa pamekosewa kwa namna moja. Jopo likamnyima diploma, ambayo mpaka leo imo kwenye faili la Mama Rekta. Lakini OUMAWA ina moyo: baada ya hotuba hii atakuja hapa mezani kutia saini kwamba aliiba, na mwakani ataruhusiwa kuanza upya. Asipotia saini, anafutwa chuoni na jina lake linabandikwa ukutani. (Benite: "Mi sitatiya saini.") Tumekusikia, binti, kaa. Majibu ya aina hiyo yamo kwenye bajeti.

Na kwa sababu wengine wanajiuliza mtu wa cheo changu alipata wapi uchungu wa kuandika kitabu kama hiki, naomba niwasomee tabaruku yake. Sijawahi kuisoma hadharani. Kusema kweli sijawahi kuisoma. Inasema hivi: "Kwa marehemu mama yangu, aliyeuza ndagala kwenye lango la bandari tangu nilipoanza shule, mikono yake ikinuka samaki hata siku ya Noeli, akanikataza nisiguse beseni lake ili daftari zangu zisije zikanuka darasani." (Mama Danielle anainuka polepole kwenye kiti chenye mto. "Astère, mwana wangu, mi nilikufa lini?")

Mama, kaa kwanza.

(Mama Danielle: "Na ndagala nilianza kuziuzisha wapi, mi mwenye ata arufu yake siipendi? Mi nilikusomesha na pesa ya nyumba za kupangisha, na dreva alikupeleka kila siku.") Ndugu zangu, wageni waalikwa, mama yangu anazungumza kama mama. Marehemu aliyetajwa hapa ni marehemu wa kitaaluma, ambaye anaweza kuwa hai kimwili bila kuathiri ubora wa utafiti. Ndagala pia ni ndagala za kitaaluma. (Kicheko. Mtu nyuma: "Ule ni mama Nsimire! Alikuwa anauzisha ndagala ku bandari, sote tulikulaka kwake! Ni mama ya Benite!") Utulivu, tafadhali. Nsimire ni jina la kawaida, na ndagala ni samaki wa umma. Naendelea na tabaruku: "Mama, leo nimemaliza. Leo..." Hapa ukurasa umekatika. Nadhani ni kosa la mpiga chapa, tutamwandikia barua.

(Benite, akiwa amesimama, bila karatasi: "Mama, leo nimemaliza. Leo natamani daftari zangu zingenuka.")

Mmeona? Mmeshuhudia wenyewe, mbele ya Mama Rekta na vyombo vya habari! Binti huyu amefikia hatua ya kuninakili hata kabla sijasema. Mimi mwenyewe sikuwa nayajua maneno hayo, yeye tayari ameyaiba. Ndiyo maana nchi inahitaji mashine. (Hakuna makofi. Wanawake wawili wanajifuta macho kwa ncha za vitenge.)

Naona ukumbi umeguswa, na mimi pia nimeguswa, kwa hiyo tusimame sote tuimalize shughuli hii kwa kaulimbiu, kwa sauti itakayofika mpaka ziwani. Kila neno! (Wote: "Ya Benite!") Hapana, tulifundishana vizuri. Kila neno! (Wote: "Ya Benite!") Kila... (Wote, na Mama Danielle: "Ya Benite!") Basi, nashukuru kwa ushiriki wenu wenye mwamko, katibu ataandika kwamba kaulimbiu imeitikiwa.

Nafika kwenye shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa. Nawashukuru washirika wetu wa kifedha, ambao fedha zao zilifika salama na zikapumzika. Nashukuru kamati ya ununuzi wa mashine, iliyokwenda Kigoma, ikatazama maji, ikarudi. Kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Radjabu, yule pale mlangoni na mkokoteni, mwenye duka la kupiga chapa pale Nyakabiga, ambaye alikubali kutuazima mashine yake ya fotokopi tuifunike kitambaa kwa muda wa hotuba, kwa kuwa yetu haijanunuliwa, na kwa kweli haijaandikwa popote isipokuwa kwenye ripoti ya kufanikiwa kwake. Radjabu, ndugu yangu, njoo uichukue. (Radjabu: "Wateja wananingoya tangu asubui, Mukurugenzi!" Anavuta kitambaa. Ni mashine ya fotokopi, ina kibandiko cha tangazo la juisi ya mkwaju ya jirani na bei ya kurasa.)

(Mama Rekta anainua mkono. "Mkurugenzi, samahani. Kama hakuna mashine, huyu mtoto alikamatwa na nani?")

Swali zuri sana, Mama Rekta, na linanipa nafasi ya kusema jambo ambalo unyenyekevu ulinizuia. Nilimkamata mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili. Siku ya utetezi, alipofungua tu kinywa, niliyatambua maneno yote, sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ningekosaje kuyatambua? Rasimu yake ilikuwa mezani kwangu miezi yote ile nilipokuwa naandika kitabu.

Kwa maneno hayo machache, natangaza kwamba mashine imezinduliwa rasmi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi makubwa, ukumbi mzima umesimama. Mkurugenzi Mkuu anainama mara tatu kushukuru. Watu wamempa mgongo: wamegeukia mstari wa tatu, ambako Mama Rekta anaitoa diploma kwenye faili na kumpa Benite, na Mama Danielle amemshikia ncha ya kitenge isimzuie anapotia saini ya kuipokea.)