Uvimbe Uliohama Bila Barua

Kamati ya Uhamisho wa Magonjwa, Voi, ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba tangu ilipoundwa mwezi wa Februari 1996, hakuna saratani hata moja iliyosambaa katika eneo letu. Moja ilijaribu. Haikuwa na barua.

Mimi ni katibu wa kamati na karani wa masjala. Naandika haya kwa kumbukumbu rasmi, baada ya sala.

Saratani hiyo ni ya Mama Mumbe, mkulima wa Makwasinyi. Faili yake ilisema: uvimbe, titi la kushoto. Tarehe tano Juni daktari wetu, Nasiha, alituandikia: "Sasa imehamia kwapani. Apelekwe Mombasa upesi akapasuliwe, kabla haijafika mbali."

Mwenyekiti wetu, Bwana Obadiah Kituku, aliisoma mara mbili.

"Imehamia?" akaniuliza. "Kwa idhini ya nani? Mimi niliomba uhamisho kutoka Kishushe miaka minne. Uvimbe huu unaamka tu asubuhi na kuhama?"

Akachukua kikaratasi chenye ukubwa wa stempu mbili, akaandika "Ngoja", akakibana kwa pini juu ya barua ya daktari. Kwa wasiojua kazi ya ofisi: barua yenye kikaratasi haichanwi wala haijibiwi. Ipo, inasomeka, lakini haifanyi kazi.

Jioni hiyo, katika darasa letu la watu wazima, Mwalimu Muinde alitufundisha kuhusu seli. Si ile ya polisi. Ile ya mwilini. Alisema nayo ni ofisi. Kuna barua kubwa zinazotoka kwa mkubwa zikiagiza kazi: kua, acha kukua, kaa ulipo. Kisha akasema wataalamu wamegundua, ndani ya mnyoo mdogo kuliko punje ya mchele, kijibarua kifupi mno kisichoagiza lolote. Kazi yake ni kujibandika kwenye barua kubwa na kuinyamazisha.

"Waligundua lini, Mwalimu?"

"Mwaka wa tisini na tatu."

Niliwahurumia wataalamu hao. Masjala ya Voi imekuwa na kijibarua hicho tangu wakati wa mkoloni.

Mwalimu aliongeza kwamba hapa anakisia tu, lakini hatashangaa siku ikijulikana kuwa saratani huanza vijibarua vinapopotea, barua ya "kua" ikapiga kelele bila wa kuizuia. Au vinapozidi, vikaifunga mdomo ile inayosema "kaa ulipo". Hapo ndipo seli zinapofunga virago.

Niliyaandika daftarini.

Wiki mbili baadaye Mama Mumbe alikuja ofisini, mkono umemvimba.

"Karani, barua yangu imefika wapi?"

"Iko hapa, mama. Ina kikaratasi."

"Si ukitoe?"

Kabla sijajibu, Mwenyekiti alitoka. "Mama, shida yako ni ndogo. Leta barua kutoka kwa titi, kuonyesha kwamba limeuachilia uvimbe. Na nyingine kutoka kwa kwapa, kuonyesha kwamba kuna nafasi."

"Mkubwa, nafasi ipo. Angalia mwenyewe." Akainua mkono. "Ama niuambie uvimbe uje upige foleni?"

"Usinichezee, mama. Serikali haiendi hivyo."

"Basi serikali isiende. Wacha niende mimi. Nina watoto watatu."

Kamati ilikaa siku iyo hiyo. Ikaamua kwamba, kwa kuwa hakuna barua, uhamisho huo ni batili. Kwa mujibu wa kanuni uvimbe ungali kwenye titi na haujakwenda popote. Mwenyekiti akatia sahihi na mihuri miwili. Nilimpelekea daktari uamuzi huo bila kumtazama machoni.

Daktari Nasiha alisoma, akarudia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Karani, gari liko wapi?"

Akatoa waraka wa mkoa. Saratani iliyosambaa ipitie kwanza kwa kamati. Isiyosambaa isafirishwe Mombasa siku hiyo hiyo kwa gari la ofisi, na atakayechelewesha atajibu yeye binafsi.

Gari lilikuwa uani, limejazwa mafuta. Ndani alikaa Mwenyekiti na sanduku lake. Alikuwa akielekea semina ya siku tano katika hoteli ya ufuoni, ambako angehutubia juu ya wepesi wa kazi.

"Shuka, mzee," daktari alimwambia. "Mgonjwa wako hajasambaa. Umeandika mwenyewe."

"Daktari, hebu tuelewane. Huyu amesambaa! Hata kipofu anaona!"

"Haya, tuandike hivyo. Amesambaa, na barua yangu umeikalia wiki mbili. Nitaifikisha Mombasa, kwa wakubwa wa mkoa, mimi mwenyewe."

Mwenyekiti alikumbatia sanduku lake. Mama Mumbe, aliyekuwa ameegemea mlango wa gari, akamsaidia: "Mkubwa, chagua tu. Popote utakaponiandika, naumwa hapa hapa."

Mwenyekiti akashuka. Mgonjwa akalazwa nyuma, daktari akakaa mbele.

Mpasuaji wa Mombasa, ambaye hakuwa amesoma uamuzi wa kamati, alikata titi na kwapa pia. Mama Mumbe yuko kwake Makwasinyi, na kila mwezi anarudi kutibiwa. Kama kuna chembe iliyotangulia mbele, bado hatujui. Tunaomba.

Siku ile, vumbi la gari lilipotulia, Mwenyekiti alikuwa bado amesimama uani na sanduku lake. Akaniona na daftari la kumbukumbu.

"Hii usiiandike," akasema.

Nilimwombea pale pale, kimoyomoyo. Kisha nikaandika.