Jinsi Murjan wa Makina Alivyokanyaga Ardhi

Wekeni chini vikombe, enyi watu wa Kibra, wa Makina na wa Lindi, na wewe wa Laini Saba uliyevutwa na harufu ya mandazi, kaa usikie! Leo sisimulii vita vya Wajerumani, wala safari ya babu zetu kutoka Sudan na bunduki begani, maana hayo kila mzee hapa anayo, na kila mzee ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Nasimulia jambo kubwa kuliko hayo. Nasimulia jinsi Murjan bin Abdelkarim, Simba wa Cherehani, Mkuki wa Makina, alivyochagua pikipiki yake ya kwanza. Ewe ulimi wangu, nimekulisha asali na tangawizi tangu utotoni. Usiniangushe leo kama chuma kilivyomwangusha yeye. Nawe unayecheka kabla ya wakati, toka nje ukacheke na mbuzi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu kwisha vita vya Hitler. Murjan alikuwa fundi cherehani, kijana safi, mwenye adabu, mwenye mkono mwepesi. Na alikuwa mfupi. Sisemi mfupi wa kusemwa, nasema mfupi wa kutafutwa. Baba yake alikuwa sajini, babu yake sajini, na ami zake wote walikuwa na makovu ya vizingiti vya juu kwenye paji la uso; yeye kila mlango ulimkaribisha kwa heshima. Alipokwenda kujiandikisha jeshini, ile fimbo ya kupimia ilipita juu yake bila kumgusa, na kichwani alikuwa amevaa tarbushi, na ndani ya tarbushi alikuwa ameshindilia matambara. Akarudi nyumbani, akanunua cherehani, akakaa kuwashonea wenzake sare. Hapakuwa na mwanamume Kibra ambaye Murjan hakujua kipimo cha mguu wake. Suruali yake mwenyewe tu ndiyo hakuwahi kuipima. Aliikata kwa matumaini, kisha akaikunja.

Sasa shujaa huyu alimpenda Batul wa Lindi, na Batul, Mungu ambariki, alikuwa mrefu kama bua la mtama. Batul naye alimpenda, kwa hiyo huko hakukuwa na vita. Vita vilikuwa kwa bibi yake, Haboba Bakhita, mjane wa sajini meja, mwanamke ambaye hata majogoo wa Lindi walingoja akohoe ndipo wawike. Katika nyumba yake palikuwa na desturi moja, nayo haikuwahi kuvunjwa: bwana harusi huja amepanda. Marehemu mumewe alikuja juu ya nyumbu wa kikosi, na wakwe waliofuata walikuja juu ya nyumbu vilevile, mpaka nyumbu wa mwisho wa Kibra alipokufa kwa kikohozi mwaka wa nzige.

"Sikiliza, ewe mwana wa Abdelkarim!" akasema Haboba siku ya posa, bakora yake ikigonga sakafu. "Mlango huu haujaingiwa na mume aliyekuja kwa miguu kama muuza makaa. Njoo umepanda. Panda farasi, panda ng'ombe, panda shetani ukimpata mwenye hatamu. Ila usimame hapa mbele yangu, ushuke mwenyewe, asikushike mtu. Ukianguka, ngoma zitanyamaza papo hapo, na mjukuu wangu nitampeleka kambi ya Bombo kwa yule koplo ambaye mama yake haishi kuniletea salamu."

"Haboba," akajibu Murjan, akajinyoosha hata visigino vikaacha chini, "nyumbu ni mambo ya kale. Mimi nitakuja nimepanda chuma!"

Wallahi, maneno mengine afadhali mtu ayameze na mate. Alipokuwa akitoka, Batul alikuwa nyuma ya ua wa matete akisuka kawa la kufunikia chakula cha harusi, na shingo yake yote ilionekana juu ya ua. Akamwambia polepole, "Murjan, urefu wako mimi nimeuona wote, na nimeshakubali. Usiniletee sifa. Niletee wewe, umesimama." Yashikeni maneno hayo, ndugu zangu, kwa sababu Murjan aliyasahau kabla hajafika kwake.

Kulipokucha, shujaa akaondoka kwenda Kawangware, kanda yake ya kupimia shingoni kama kawaida, na pembeni yake ami yake, Mzee Yusuf, aliyekuwa askari wa nyumbu katika kikosi cha uchukuzi. Ndiye aliyechukuliwa kwa ujuzi wake. Wakavuka barabara ya Ngong, wakashuka bonde, wakapanda bonde, mbwa wa watu wakiwabwekea na wao wakisonga mbele, hata wakafika kwa Bwana Kiragu. Kiragu alikuwa mwenye shamba, Mkristo wa tai na kofia, naye alikuwa amenunua mabaki ya jeshi kwa mnada, hata zizi la ng'ombe likajaa mahema, madebe, viatu vya kushoto vitupu, na pikipiki mbili.

"Karibuni, wana wa askari!" akasema Kiragu, akifungua mikono. "Mmekuja mahali penyewe. Chuma hiki kimepigana Habeshi, kimepigana Burma, na sasa kinataka mtu wa kukituliza. Atiriri, sikilizeni, mtazameni mwenyewe!"

Ile ya kwanza ilikuwa pikipiki ya vita, rangi ya tope, tangi lake kama tumbo la chifu na kiti chake juu kama mimbari. Ya pili ilikuwa chini, nyembamba, rangi ya kijani, mali ya zamani ya nesi mmoja wa misheni aliyerudi kwao. Juu ya kiti chake paliwekwa gunia, na juu ya gunia kuku alikuwa ameatamia. Murjan aliitupia jicho mara moja tu, kama mtu anayepita penye choo cha jirani.

Mzee Yusuf akaanza ukaguzi. Akaizunguka pikipiki ya vita, akaipiga kofi la nyonga, akainama kusikiliza kifua. Kisha akatafuta mdomo. Mdomo ukakosekana, lakini pale penye mnyororo akaona gurudumu dogo la meno, akalipitishia kidole jino kwa jino, akatabasamu. "Huyu meno yote anayo," akatangaza. "Kifua kipana, mgongo haujabonyea. Mwanangu, nyumbu mrefu ndiye avukaye mto. Panda!"

Pikipiki ilikuwa juu ya stendi yake ya nyuma, imetulia tuli. Murjan akakanyaga debe, akapanda. Loo! Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliona upande wa pili wa ua bila kuchungulia kwenye tundu. Aliona paa za Kawangware, akaona shamba la jirani, akaona, kupitia tundu la juu ya kofia, upara wa Kiragu ambao wakubwa kuliko yeye hawakuwahi kuujua. Kifua kikajaa. Mzee Yusuf akapiga saluti, chozi likimlengalenga, akasema, "Laiti marehemu baba yako angekuona!" Na hapo ndipo tulipokosea sisi wajukuu wa askari. Nyumbu hupimwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Huyu wa chuma walimpima akiwa amesimamishwa na stendi, wakadhani utulivu ni wake.

"Mshushe, Bwana Kiragu," akaamuru Murjan kutoka huko juu. "Nataka kuhisi uzito wake."

Kiragu akaisukuma mbele. Stendi ikaruka, pikipiki ikatua kwa magurudumu yake, ikafikiri kidogo, ikaanza kuegemea kushoto. Mguu wa Murjan ukatoka kwenda kuilaki ardhi. Ukatafuta, ukatafuta, kama mtu anayesaka ndara gizani, na ardhi haikuwepo. Ilipopatikana, ilipatikana kwa bega. Simba wa Cherehani akalala kati ya matuta ya viazi vitamu yaliyopakana na zizi, na juu yake chuma kilichopigana Burma.

"Ameteleza!" akapiga kelele Mzee Yusuf. "Askari huanguka mara moja!"

Wakamtoa, wakampangusa, akapanda tena, akaanguka kulia, ili matuta ya upande ule nayo yasione wivu. Sasa Mzee Yusuf akaleta hila ya kivita. Akavua buti zake kubwa za jeshi, akazishindilia magunia hata juu, akamvisha mwana wa nduguye. Murjan akapanda kwa mara nyingine, uso umemwiva. Pikipiki ikaegemea, buti ikafika chini, naam, ikafika, ikasimama imara kabisa. Murjan akatoka ndani yake akaendelea na safari. Buti ilibaki imesimama peke yake tutani kama askari wa lindo.

Hapo akatokea Waceke, mama yake Kiragu, mwenye viazi. Alikuwa ajuza mfupi kuliko Murjan, na jembe mkononi. Akaangalia tuta, akaangalia buti, akaangalia mtu.

"Wewe kijana," akasema, "hii pikipiki unanunua ya kupanda ama ya kuangukia? Kama ni ya kuangukia, peleka kwenu ukaangukie viazi vya mama yako!"

"Mama," akajibu Murjan akiwa angali chini, hakuwa anahutubia tena, "nikianguka hivi mbele ya watu, nimemkosa Batul."

"Basi kwa nini unachagua ya kukuangusha?"

Murjan alibaki amekaa kwenye udongo, kanda ya kupimia ikining'inia shingoni, na sasa maneno ya nyuma ya ua yakamrudia yote: usiniletee sifa, niletee wewe, umesimama. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa amepima miguu ya kikosi kizima, ila miguu yake mwenyewe aliiogopa.

Akainuka. Akavua buti iliyobaki, akasimama wima ukutani pa zizi, akashika kanda, akampa ami yake ncha ya chini. "Ami, shikilia hapo kwenye kisigino. Usivute kwa huruma." Akasoma kipimo cha ndani ya mguu wake, kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mbele ya watu; nami kipimo chenyewe sikitaji, shujaa ana stara yake. Kisha akapima kiti cha pikipiki ya vita, akatikisa kichwa. Akaiendea ile ya kijani.

"Mwanangu!" akalia Mzee Yusuf. "Pikipiki ya nesi? Nyumba yetu itaficha wapi uso?"

"Uso utakuwa juu, Ami, ikiwa miguu iko chini."

Yalibaki mapambano na kuku. Enyi watu, sitaki kuyarefusha, ila yule mama wa vifaranga hakuwa na nia ya kujisalimisha. Alimdonoa Murjan kidole gumba, akamdonoa Mzee Yusuf aliyekuja kusaidia, akampiga Kiragu kwa bawa usoni mpaka kofia ikaanguka na siri ya upara ikawa ya wote. Waceke ndiye aliyembeba hatimaye, na gunia lake na mayai yake, akimbembeleza kama bibi arusi. Murjan akapima kiti, kisha akamwomba mtu akikalie akapima tena, kwa kuwa springi hubonyea na kiti hushuka. Akapanda bila debe. Kiragu akatoa stendi. Pikipiki ikaegemea, nyayo mbili zikaipokea ardhi, vidole na visigino. Bei walielewana, na mimi si karani.

Akajifunza kwenye uwanja wa shabaha pale Laini Saba, akiwafukuza ng'ombe wa watu, mpaka siku ikafika. Ngoma zikatoka Makina, wanawake katika mavazi yao ya rangi wakipiga vigelegele, udi ukifuka, na katikati yao Murjan, katika suruali mpya ambayo kwa mara ya kwanza haikukunjwa. "Hiyo si ya nesi?" mmoja akapiga kelele, na wakacheka njia nzima. Murjan akakaza usukani, akaendelea. Mama wa yule koplo naye alikuwapo, amefika jana yake kutoka Bombo na sanduku tupu, eti kusalimia.

Mteremko wa Lindi mnaujua. Alipokuwa akiushuka kuelekea mlango wa Haboba, bata wa Haboba wakaamua kuvuka, baba, mama na ukoo. Watu wakashika vinywa. Batul, aliyefungiwa ndani kwa desturi, jicho lake lilikuwa kwenye ufa wa dirisha. Murjan akafunga breki. Pikipiki ikasita, ikatikisika, ikaanza kuegemea upande wa bonde. Miguu miwili ikashuka. Ikafika. Bata wakapita kati ya umati kwa mwendo wa bata, wala hawakuuliza ni harusi ya nani.

Hakuna aliyepiga kigelegele, kwa sababu Haboba Bakhita alikuwa amesimama. Akamwendea Murjan, bado yuko juu ya kiti, akainama kwa uchungu wa mgongo wake, akachukua ile bakora na kujaribu kuipitisha chini ya kiatu cha kushoto cha kijana. Ikakwama. Akazunguka, akajaribu cha kulia. Ikakwama. Fimbo ya jeshi ilikuwa imepita juu ya mtu huyu bila kumgusa. Bakora ya Haboba ilikosa pa kupita chini yake.

"Shuka, mume wa mjukuu wangu," akasema Haboba.

Akashuka mwenyewe, asishikwe na mtu. Ndipo vigelegele vikapasuka, hata huko Kawangware nadhani yule kuku alivisikia, na Mzee Yusuf akalia waziwazi akiwaambia watu kwamba pikipiki aliichagua yeye, kwa meno. Andikeni basi, mnaoandika: watu wamepigana vita vya dunia mara mbili, na katika Kibra yetu mtu mmoja amekanyaga chini kwa miguu yote miwili.

Mlango ukafunguliwa, Batul akatoka na kawa lake. Akainama kidogo, kama ambavyo angeinama maisha yake yote bila kulalamika, akamwambia sikioni, "Ndiye huyu niliyemwagiza."