Kisu cha Baba na Mnada wa Mavuno

Jumatano, 6 Agosti 2025
Msiba! Magdalena, mke wangu, amekitoa kisu cha marehemu baba kanisani, sadaka ya mavuno. Kisu cha kukunja! Mpini wa pembe, kikifungwa kinalia tak! Jioni baba alikuwa akitumenyea miwa nacho, sisi tumechuchumaa kama vifaranga. Machozi yamenitoka. Magdalena anasema tangu nikirithi nimekitumia kuchokonolea meno tu. Uongo mtupu. Na kucha je?

Nimekimbilia kwa Nelson, mzee wa kanisa letu hapa juu ya Usa River. Akasema kilichotolewa madhabahuni hakitoki kwa mlango wa nyuma. Jumapili baada ya ibada kitanadiwa pamoja na mahindi na kuku, nikinunue kama Mkristo mwingine. Sawa. Nani mwingine atakitaka?

Alhamisi, 7 Agosti
Gerson anakitaka! Jirani yangu tangu utoto. Anadai baba alimtoa funza kwa kisu kile, kwa hiyo nusu ni chake. Funza mmoja! Mimi nilikuwa nao miguu yote miwili.

Mbinu: nimetangaza dukani kwamba kisu kina mkosi, kinajifunga chenyewe, kinakata vidole vya watu. Wazee wakaacha chai. Mzee Mikaeli akasema hivyo ndivyo visu vya kweli vilivyokuwa, vya siku hizi havikati hata chapati. Akasimulia kisu chake kilichotumbukia mferejini enzi za ujana. Akalia. Tukalia wote. Sasa wazee wote wanakitaka. Nimejipalia makaa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, watu wamepumzika. Mimi akili inafanya kazi. Nimemnong'oneza Gerson kwamba kule Olasiti kuna mtu anauza visu vya zamani, Jumapili asubuhi tu. Akanishukuru, akanipa mkungu wa ndizi. Roho ilinisuta mpaka Magdalena alipozipika na nyama.

Jumapili, 10 Agosti
Gerson hayupo! Wazee wakapandisha bei, nikapandisha, Magdalena akanivuta koti, nikapandisha tena. Changu! Makofi. Kina mama vigelegele. Mchungaji akanitazama kwa upendo, jambo ambalo halijatokea tangu nioe. Nelson akauliza, kama anavyowauliza wanunuzi wote, ninaondoka nacho au ninakirudisha madhabahuni kinadiwe tena, Bwana azidi kutukuzwa?

Mdomo huu! Nikasikia mtu akipaza sauti, "Nakirudisha!" Kumbe ni mimi.

Makofi maradufu. Hapo hapo akaingia Gerson, vumbi la bodaboda hadi kwenye kope. Olasiti hakukuta mtu. Akakinunua, mimi mfuko umeshakauka. Alipoulizwa kama anakirudisha, akakitia mfukoni, akakaa. Mtu hana haya!

Alhamisi, 14 Agosti
Chakula hakipiti. Nimenunua kisu kipya cha kukunja mjini. Kimevunjika kwenye parachichi. Tena bivu.

Jumapili, 17 Agosti
Siamini! Gerson alisimama mbele ya usharika mzima. Akasema halali usingizi, kila akikifungua kisu anamwona baba yangu ameushika mguu wake, anambembeleza asilie. Akasema, "Ndugu yangu, kitu cha mzee kirudi nyumbani kwake," akaniwekea mkononi. Nikakifungua, nikakifunga. Tak! Nikalia mbele za watu. Gerson naye. Hata Magdalena, yeye aliyekitoa! Nilimkumbuka baba mpaka nikasikia ladha ya muwa.

Watu wakapiga makofi. Vigelegele. Kwaya ikasimama. Mchungaji akanitazama tena vile. Nelson hakuuliza kitu. Naapa, hakuuliza kitu.

"Nakirudisha!" nikasema.

Amekinunua Mzee Mikaeli. Magdalena ametembea kurudi nyumbani peke yake. Si kitu. Kesho nitampitia mzee, nimpe shikamoo yake, nimshawishi akitoe sadaka Jumapili ijayo. Mnadani hakuna wa kunishinda.