Msumeno wa Kijani na Kum wa Spasoje

Vitomir aliisikia riziki yake kabla ya kuiona. Ilikuwa inagombana meza ya pili, katika mgahawa mmoja wa mji wa Valjevo, midomo imejaa nyama ya kuchoma.

"Dravit ni msumeno kama mwingine, shemeji," alikuwa akisema mwanamume mmoja mwenye shingo iliyopinda. "Inakata, haikati?"

"Inakata," akajibu mwenzake, pande la mtu lenye unga wa mbao hadi kwenye nyusi. "Hata panya anakata. Lakini mteja akiingia karakanani akaona vidude vya bluu, anajua huyu fundi mambo yake magumu. Akiona Grauwald ya kijani, anavua kofia mwenyewe."

"Basi inunue."

"Bei yake umeiona? Mimi nimeoa dada yako, Radenko, sijaoa benki."

Vitomir akatua uma wake taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyesikia kengele ya kanisa. Mafundi seremala wa mji ule walikuwa wamegawanyika kati ya msumeno wa bluu na wa kijani kama mashabiki wa mpira. Wa bluu waliwaita wa kijani mabwana harusi, na wa kijani waliwaita wa bluu walaji wa majivu. Lakini huyu mwenye nyusi nyeupe, aliyeitwa Spasoje, alikuwa wa aina ya tatu, ile ambayo Vitomir aliipenda kama mama anavyompenda kitinda mimba: aliitaka kijani kwa bei ya bluu.

Na nje, ndani ya gari lake, Vitomir alikuwa na misumeno sita ya umeme, yote ya kijani kibichi, kila mmoja katika sanduku lake. Mitano ilikuwa na ganda la Grauwald na moyo wa Dravit, tena Dravit iliyochoka. Iliimba vizuri mpaka ilipokutana na mti mgumu, hapo ikatoa moshi na kukata roho. Wa sita ulikuwa halisi. Huo ndio ulikuwa shamba lake, ng'ombe wake na pensheni yake. Aliwaonyesha watu huo, wakapagawa, kisha mlangoni akabadilisha sanduku na kuwaachia mmoja wa wale marehemu watarajiwa. Bila huo wa sita angebaki na maneno matupu, na maneno matupu hayakati ubao.

Akavuta kiti. "Samahani wakubwa," akasema, "nisingependa kuingilia mambo ya familia. Lakini kuna mzigo umekwama forodhani..."

Kesho yake asubuhi karakana ya Spasoje ilikuwa imefurika. Habari ilikuwa imetangulia. Walikuja wa bluu kuzomea na wa kijani kusali, wakaja majirani wasiojua tofauti ya msumeno na kijiko, maana palikuwa na rakija ya bure, ile pombe kali ya matunda. Mama yake Spasoje, bibi Stamenka, alikaa kwenye kiti karibu na jiko, amembeba mjukuu wa mwanawe aliyefungwa kwenye blanketi mpaka masikioni.

Vitomir akalaza ubao wa mwaloni mezani, akaupapasa kama farasi.

"Ndugu zangu, sitaongea sana," akasema, akaongea nusu saa. "Hebu niambieni, mkikata kwa ile ya bluu, vumbi linakwenda wapi?"

"Kifuani," akasema mmoja.

"Na mkitaka lisiende kifuani?"

"Tunafungua madirisha."

"Mangapi?"

Watu wakamtazama Radenko na shingo yake.

"Mawili," akakiri Radenko. "Tangu mwezi wa tano siwezi kugeuka kushoto."

Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Upepo unaopita kati ya madirisha mawili umezika watu wengi nchini humo kuliko vita, angalau kwa mujibu wa mama zao.

"Grauwald inafyonza vumbi lake yenyewe," Vitomir akasema kwa upole. "Madirisha yamefungwa. Figo zako hazipigwi na upepo, zimelala usingizi." Akawasha.

Msumeno ukapita kwenye mwaloni kama habari mbaya mtaani. Ukingo ukatoka laini kiasi kwamba Spasoje aliulamba. Hakuna aliyecheka, wengine walikuwa wamefikiria kufanya hivyo hivyo.

"Wa bluu, mna neno?" akauliza Vitomir.

"Ni rangi tu hiyo," akanung'unika Radenko, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetoka uwanjani kabla ya kipenga.

Spasoje akaizunguka meza. Akaushika msumeno, akaupima mkononi, akausikiliza. Vitomir alikuwa ameshaanza kumeza mate. Ndipo Spasoje akauweka chini, akavua kofia, na macho yake yakajaa machozi.

"Vitomir," akasema, "mimi nimekuona jana tu, lakini moyo wangu umekujua. Mjukuu wangu huyu bado hajabatizwa. Nakuomba, kwa jina la Mungu na la Mtakatifu Yohana, uwe kum wake."

Karakana nzima ikashusha pumzi. Kum ndiye anayemshika mtoto wakati wa ubatizo, na tangu siku hiyo ni zaidi ya ndugu wa damu. Akiingia, anakaa kichwani mwa meza. Akiongea, wengine wanatafuna. Nayo heshima hiyo haikataliwi. Vitomir alikuwa amewahi kumuuzia mjane mawe yaliyopakwa rangi nyeusi yawe makaa, na akalala fofofo. Lakini kumkatalia mtu ukum? Hata yeye alikuwa na mpaka wake, na kwa bahati mbaya ulikuwa hapo hapo.

Tena, tuseme ukweli, alifurahi. Hakuna aliyewahi kumwomba awe kitu chochote.

"Nakubali," akasema.

Wakamkumbatia, wakambusu mara tatu, wakamjazia glasi. Bibi Stamenka akamsogezea mtoto. Mtoto alikuwa mzito ajabu, na Vitomir alipompapasa shavu akamng'ata kidole.

"Kum hamshiki mtoto mikono mitupu," akasema bibi.

"Bila shaka, mama. Kwenye gari nina msumeno mpya kabisa, haujafunguliwa. Naufuata sasa hivi."

"Kwenye gari?" Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Zawadi ya kum haitoki kwenye gari, mwanangu. Ni kile kilichokuwa mbele yake alipoombwa. Ndivyo ilivyo tangu enzi za Waturuki."

Majirani, ambao hawakuwahi kusikia desturi hiyo maishani mwao, wakakubali mara moja kwamba ndivyo ilivyo.

"Huu umeshatumika," Vitomir akajitetea, jasho likimtoka. "Mtoto anastahili kipya."

"Mtoto hana makuu," akasema Spasoje, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya msumeno.

"Basi angalau ule mpya uununue wewe, bwana Spasoje. Nitakupunguzia."

Spasoje akarudi nyuma kama aliyetukanwa. "Nifanye biashara na kum wangu? Watu watasemaje?"

Jumapili, siku waliyopanga ubatizo, Vitomir alifika kanisani na suti ya kuazima, mshumaa mrefu na keki. Spasoje hakuwepo. Padri alikuwepo, anafagia ngazi.

"Mjukuu wa Spasoje?" akasema padri bila kuinua kichwa. "Nilimbatiza mwaka juzi. Hata mimi aliniuma. Nenda kakae na wenzako."

Kwenye benchi chini ya ukuta walikaa wanaume watatu wenye suti, kila mmoja na mshumaa wake. Mmoja alikuwa amempa Spasoje zawadi ya randa ya umeme, wa pili mashine ya kupiga msasa, wa tatu shehena ya plaiwudi. Kwenda polisi haikuwezekana, maana polisi hupenda kufungua masanduku. Na kum anayedai zawadi yake irudi, hata mbwa wa mtaa angemgeuzia mgongo.

"Randa yangu ilikuwa na mota ya mashine ya kukaushia nywele," akasema wa kwanza, akicheka. "Itakuwa imeshaungua."

"Mashine yangu niliiokota jalalani," akasema wa pili.

"Plaiwudi yangu ukiipigia chafya inafunguka kama kitabu," akasema wa tatu. "Na wewe, kaka, ulimpa nini?"

"Grauwald."

"Ganda tu, sivyo?"

Vitomir akautazama mshumaa wake. "Halisi," akasema.

Wote watatu wakatazamana kwa huruma. Kisha wa kwanza akasogea kumpa nafasi, akamshika begani kama mtu amshikavyo mwanagenzi siku yake ya kwanza kazini, na akamwomba kipande cha keki.