Ndevu Kwenye Menyu

Jumatatu, 4 Machi

Menyu mpya zimefika hotelini, ngumu kama vibao. Bosi wetu, mama mwenye hoteli, amesema mkuu wa wahudumu atateuliwa Jumapili. Koti jeusi la cheo tayari limetundikwa ofisini kwake. Nimelijaribu alipotoka. Limenikaa kama nilizaliwa nalo.

Tatizo: juu kabisa ya menyu, kabla ya kuku na samaki, pameandikwa *hors d'oeuvre*. Mgeni wa meza ya dirishani akamuuliza mhudumu mwenzangu, jina lake Kijiko, neno hilo lina maana gani, akilitamka kama “odevu”. Kijiko akamjibu kwa adabu zote kwamba hapa ndevu hazipikwi, kinyozi yuko mtaa wa pili. Nimecheka mpaka nikamwaga supu. Mgeni naye alicheka, akampa Kijiko mkono. Mimi nikapewa tambara.

Bosi akauliza nani anajua maana ya neno hilo. Mkono wangu ukapanda kabla akili haijaukataza. Nimesema nitaeleza baadaye, maana jambo lenyewe ni refu.

Jumanne, 5 Machi

Kwa dada yangu, mwalimu wa Kifaransa. Alikuwa anamsuka binti yake, akanifanya nibembeleze kwanza. Haya: neno ni la Kifaransa, Waingereza wameliazima na hawajalirudisha. Neno kwa neno ni “nje ya kazi”. Lilikuwa la wajenzi: kijumba kilichojengwa pembeni, nje ya jengo lenyewe. Baadaye likahamia mezani, likawa vitafunio vya kabla ya chakula, visivyohesabiwa kuwa mlo.

Alitaka kuendelea. Mimi nilishasimama. Nje! Kijumba! Kama neno ni la nje, basi yupo mtu wa kupelekwa nje, na mtu huyo ana jina la kifaa cha kukorogea chai.

Dada akaniita nikiwa mlangoni. “Kaka, hiyo ni asili ya neno tu. Watu wanavila ndani, mezani.”

Nimemwambia ahsante, nimeelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi ameelezwa. Nimemwambia kwamba kwa desturi yenyewe, vitafunio hivi huliwa nje ya jengo, kwenye kijumba, na mhudumu wake hatii mguu ndani. Akanitazama kwa shaka. Nikamletea habari za wajenzi, akalainika. Uani tuna kibanda cha mifagio na ngazi. Nimependekeza Kijiko akisimamie. Mimi nitabaki ukumbini na mambo mazito.

Kijiko hakubisha. Ameuliza tu kama anaweza kukipaka chokaa. Nimemruhusu. Mimi si katili.

Mpishi amesema “nje ya kazi” ndivyo nilivyo tangu niajiriwe. Nimempuuza. Ana wivu yule, na shingo fupi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya mazoezi ya kusimama kwa heshima ukumbini. Kusimama ni kazi, watu hawajui. Mke wangu ameshawatangazia majirani habari za koti. Nimemwonya asubiri. Sikumwonya sana.

Jumamosi, 9 Machi

Wageni wamefurika. Wote wakaelekezwa kibandani kwanza. Mimi ndani, meza zimenyooka, vitambaa vyeupe. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Ukumbi kimya kama chumba cha mtihani, na vicheko vinatoka uani.

Nimechungulia. Watu wamekalia ndoo zilizogeuzwa, wengine wamekalia ngazi iliyolazwa, wanakula vipande vya mkate na mayai na kuagiza vingine. Kijiko anawasimulia habari za ndevu. Nikatoka kuwatangazia kwamba kuku yuko tayari.

Mzee mmoja mnene akanijibu kwa upole, “Mwanangu, huko ndani kuna joto. Mlete kuku huku.”

Nimemleta. Nimeleta na samaki. Nimekwenda na kurudi kati ya jikoni na uani mpaka soksi zikalowa, na kila nikifika Kijiko ananionyesha pa kuweka. Bosi alisimama mlango wa nyuma akitabasamu. Nami nikatabasamu, nikidhani ni kwangu.

Jumapili, 10 Machi

Koti amevishwa Kijiko. Mikono ya koti imemzidi urefu. Amezikunja ncha na kusonga mbele. Bosi amenishukuru mbele ya wote. “Bila wewe,” amesema, “tusingejua Kijiko ana kipaji gani.” Nikapigiwa makofi. Nami nikapiga, sikujua la kufanya na mikono.

Kijiko hana kinyongo hata chembe, jambo linaloudhi. Ameniletea sahani ya vitafunio vilivyobaki. Ni vitamu, kwa bahati mbaya. Mke wangu amewaambia majirani kwamba koti limerudishwa kwa fundi, kifua changu ni kipana mno. Huyo ndiye mke.

Lakini jioni Bosi akatufungulia ukurasa wa pili wa menyu. Pameandikwa *à la carte*. Kijiko, na koti lake lote, akakiri hajui. Dada yangu, nilipompigia simu, alianza kunieleza kwamba ni mgeni kujichagulia kila sahani peke yake badala ya kuletewa mlo uliopangwa. Nimemkatiza kwa heshima. Ualimu umemchosha, maskini. Neno lenyewe linajieleza, hata mtoto analisikia: ala karata. Mgeni anavuta karata, na karata ndiyo inayosema atakula nini.

Bosi nimeshamhakikishia. Kesho asubuhi nanunua pakiti mbili.